Chachu ya Mwambale

Wewe umewahi kushika tope lililokufa? Usidhani nasema lile linalonuka. Tope la pwani kunuka ndio uzima wake. Nasema lile lisilonuka kitu. Ukilifinya linakukatikia kiganjani kama chicha iliyokwisha kukamuliwa, tui lote limetoka. Ukiligeuza juani linametameta nukta nyekundu, buluu, kijani na nyeupe, mpaka mtoto akiliona anaweza kudhani ni pambo. Ni plastiki hiyo. Ni ndoo na kandambili na vifuniko vya chupa na nyuzi za nyavu za enzi za mababu, zilizosagwa na maji mpaka zikawa ndogo kuliko chenga za mchele, zikazama, zikalala tabaka juu ya tabaka. Wanawake wa Mwambale waliziita hivyohivyo, chenga.

Bi Mwatima Pandu alilijua tope hilo kwa mikono yake, maana kazi ya Mwambale ni makumbi. Unayachukua makumbi ya nazi, unayafukia shimoni, mahali maji yanapojaa na kupwa, unayagandamiza kwa mawe yasielee, kisha unayaacha. Tope linayala nyama polepole, linakuachia nyuzi. Miezi ikishapita unafukua, unaponda kwa gongo, unasuuza, unapata usumba wako mzuri, unasokota kamba. Mashimo ni ya wanawake, na binti hurithi la mama yake. Tope lilipokufa, makumbi yakawa yanatoka kama yalivyoingia, magumu, chenga zimejishika kwenye nyuzi, na kamba yake ukiifungia mbuzi inakatika.

Sasa siku waliyokwenda kulifukua shimo la Bi Mize, dada yake Mwatima aliyekufa, maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwamba wa mbali umejitokeza. Walikwenda wanawake wote wenye mashimo, kila mmoja na kifuu chake mkononi. Shimo la Bi Mize lilikuwa ndani ya uwanja uliozungushiwa vigingi na kamba nyekundu, na mlangoni alikaa mlinzi, Makame, mtoto wa hapohapo kijijini.

"Bi Mwatima, Daktari kasema asiingie mtu," Makame alisema, lakini alikwisha simama na kuvua kofia.

"Daktari yuko mjini. Na sisi tumekuja kwa jambo la maiti."

"Maiti si mlishazika?"

"Yeye tumemzika. Shimo lake bado. Wataka dada yangu akae huko nusu nusu?"

Makame akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakumbuka kwamba kamba ya kitanda cha nyanya yake mwenyewe ilitoka kwa Bi Mize. Akasogea.

Desturi ya Mwambale ndivyo ilivyo. Mwanamke akifa, shimo lake la mwisho haliachwi. Hufukuliwa na nduguze, makumbi yake hupondwa pamoja, na kila mwenye shimo huteka tope lake kifuu kimoja, akaenda kulitia katika shimo lake mwenyewe. Hivyo mkono wa marehemu unabaki kazini. Hakuna aliyekumbuka ilianza lini, na hakuna aliyewahi kuiacha.

Mwatima ndiye aliyechomoa jiwe la kwanza. Tope lilimrukia mpaka kifuani, jeusi, laini, na harufu ikapanda kama ya yai viza. Alisimama, jembe mkononi, asijue alie au acheke.

"Linanuka!" alipiga kelele Bi Kazija, mkubwa wao, mwanamke mzito mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. "Jamani, linanuka!"

Wakaanguka juu ya shimo lile kama watoto. Hapakuwa na chenga hata moja. Makumbi yalitoka yameiva, ukivuta uzi unakuja wote, rangi ya dhahabu. Kaa wadogo wakawatambalia miguuni, na ilikuwa zamani sana tangu kaa amtambalie mtu pale.

"Mama mkubwa hata kufa kwake kaacha harufu," alisema Zuwena, binti wa Mwatima, na wanawake wakamrushia tope kwa kicheko.

Zuwena alikuwa mtoto wake wa pekee, msichana mkubwa sasa, mrefu, mwenye maneno. Alizaliwa na kichwa maji, na tangu uchanga wake alitiwa mpira mwembamba wa plastiki kichwani, unaopita chini ya ngozi nyuma ya sikio, ukashuka shingoni mpaka tumboni, ili maji ya ubongo yapate pa kukimbilia. Ukimpapasa shingoni ungeuhisi, kama mshipa mgumu. Mwenyewe hakuuonea haya. Mfereji wa kijiji ukikauka alikuwa akisema, "Poleni nyie. Bomba langu mimi halikatiki."

Siku hiyo aliponda makumbi mpaka viganja vikamchubuka, akaendelea kuponda. Kisha wanawake wakateka tope kwa vifuu vyao, wakatawanyika ghubani, kila mmoja kwenye shimo lake.

*

Daktari Hidaya Vuai aliporudi alikuta uwanja wake umefukuliwa, akakaa chini palepale kwenye maji.

Alikuwa mtoto wa kisiwani, mwembamba, mpole, na ndiye aliyeleta kile kilichokuwa ndani ya vigingi. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu na nambari mwishoni, na wanawake, walipoelezwa kwamba ni kidudu kidogo kisichoonekana, kikitiwa kidogo kinaenea donge zima, wakasema basi hiyo ni chachu. Ikawa chachu. Ilitengenezwa katika chupa za maabara ili ikae matopeni na kutoa ute, ute ukiishika plastiki unailainisha na kuila mpaka isibaki hata harufu yake. Daktari aliwaambia yote hayo tangu mwanzo, na aliwaambia pia kwamba chachu hufa ikipigwa na hewa, hufa katika maji matamu ya kisima, na katika maji ya bahari yenye mwendo hulegea isifike mbali.

"Kwa hiyo humo haitoki?" Bi Kazija alimuuliza wakati ule.

"Haitoki isipobebwa."

Nao walicheka. Nani wa kubeba tope?

"Mngeniambia tu," alisema Daktari sasa, maji yakimfika kiunoni. "Mngeniambia hiyo desturi, ningechagua mahali pengine."

"Mwanangu, ulituuliza mashimo ni ya nani, tukakwambia," alijibu Mwatima. "Hukutuuliza tukifa inakuwaje."

Hawakugombana zaidi, maana siku zile ilikuwa vigumu kugombana Mwambale. Kila shimo lililotiwa kifuu kile liliamka. Weusi ulienea kutoka shimo hadi shimo, kama mafuta yanavyoenea kwenye karatasi, mpaka ghuba nzima ikawa inanuka, na watu wakawa wanatoka majumbani asubuhi kuivuta ile harufu. Tope lilijaa vitundu vya minyoo. Majongoo ya pwani yakaonekana, na chaza, na ndege wenye miguu mirefu ambao vijana hawakuwajua majina. Pwani nyingine zote, toka huko mikoko inakokwisha mpaka upande wa pili wa kisiwa, zilikuwa bado zimelala na chenga zao. Mwambale peke yake ndiyo iliyokuwa hai. Wataalamu walikuja, wakachuchumaa, wakatia vidole, wengine wakafuta macho.

Mambo ya kuchekesha nayo hayakukosa. Mzee Ame, aliyekula chaza kupita kiasi, meno yake ya bandia yalimlainikia mdomoni, akayatema katikati ya watu kama ubani uliotafunwa. Kijiji kizima kilicheka mpaka kikachoka.

Zuwena alicheka mpaka akashika kichwa. Kisha akaendelea kukishika.

*

Asubuhi alikuwa akitapika kabla ya kula. Mchana akatembea kama mtu aliyeshuka chomboni, miguu mbali mbali. Mwatima aliujua ugonjwa huo, aliuona mara moja tu, Zuwena akiwa bado wa kubebwa, lakini mama hausahau.

Hospitali ya mjini walimfungua, wakautoa mpira. Daktari mpasuaji aliuleta kwenye bakuli la bati ili Mwatima auone. Ulikuwa umelainika kama tambi zilizochemshwa zikasahaulika jikoni, na mahali pengine umekatika kabisa.

"Mama, huyu amekula nini? Amefanya kazi gani?"

"Amekula mnachokula. Anaponda makumbi."

Wakamtia mpira mpya. Zuwena akapata nafuu, akaomba kitana, akamtania muuguzi. Halafu mpira mpya nao ukalainika. Halafu dripu za wodi ile zikaanza kuvuja, moja baada ya nyingine, na mwanamke wa kitanda cha pili, aliyewekewa mlango wa plastiki moyoni, akashtuka usingizini, akakata roho mikononi mwa mumewe.

Daktari Hidaya alikuja kumwona Mwatima ukumbini. Hakukaa.

"Bi Mwatima, nilisema chachu haiishi hewani wala maji matamu. Nilisema kweli. Inataka chumvi, inataka giza, inataka mahali pasipo hewa. Sikufikiri."

"Hukufikiri nini?"

"Kwamba mwili wa mtu una vyote hivyo. Na joto juu yake. Imeingilia kwenye michubuko ya viganja, siku ile mlipoponda. Nyinyi wengine mnayo pia, lakini ndani yenu haina kikubwa cha kula. Yule mama wa kitanda cha pili ilimfikia kwa vyombo vya wodi, na yeye alikuwa na cha kuliwa. Kama Zuwena."

Mwatima aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono yake ya siku zote.

"Mimi ndiye niliyechomoa jiwe," alisema.

"Na mimi ndiye niliyeileta."

Wakasimama hivyo, wanawake wawili.

Siku ileile watu wa Mwambale walirudishwa kwao, Zuwena akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya gari, na njia ikafungwa kwa magogo na askari. Wakubwa walisema maneno machache: hospitali zote zimejaa mipira na mifuko na mirija, hakuna itakayompokea mtu wa Mwambale maadamu tope la Mwambale li hai. Chakula kitaletwa mpaka kwenye magogo.

*

Daktari Hidaya hakubaki nje ya magogo, ingawa aliruhusiwa. Aliingia nao. Ndiye aliyewakusanya wenye mashimo katika banda la kupondea makumbi, na Zuwena akaletwa, akaegemezwa nguzoni juu ya mkeka, kanga imefungwa kichwani. Jicho lake moja lilikwisha anza kutazama chini lenyewe.

"Nina mambo mawili, sina la tatu," alisema Daktari. "Nje ya mwamba kuna chombo. Kimebeba dawa."

"Dawa au sumu?" aliuliza Bi Kazija.

"Sumu. Ikimwagwa ghubani chachu itakufa yote. Na kila kinachopumua matopeni kitakufa nayo, minyoo, kaa, chaza, mbegu zao, kila kitu. Ghuba haitarudi hai, si kwa maisha yetu wala ya wajukuu zetu. Mashimo yatakuwa mashimo tu. Lakini wakishapima na kuona imekufa, wataondoa magogo. Zuwena atapelekwa mjini, atapewa dawa ya mwilini, itolewayo hospitali tu, ambayo ipo na nimeona inafanya kazi, atiwe mpira mpya. Ataishi."

"La pili?"

"La pili, tuliache tope. Chachu haivuki mkondo wa nje, tumepima na kupima. Itabaki ghuba hii, nayo ghuba hii ndiyo mbegu pekee tuliyonayo. Siku tukipata chachu isiyoingia mwilini, viumbe wa kujaza pwani nyingine watatoka hapa, hakuna kwingine walikobaki. Nyinyi mtaishi ndani ya magogo mpaka siku hiyo. Sijui ni lini. Na Zuwena hatapelekwa popote."

Sheria ya pwani ya siku hizo, iliyopatikana baada ya watu kuchoka kuamuliwa mambo yao, ilisema tope la ghuba ni la wenye mashimo. Bila neno lao wote hakimwagwi kitu.

"Tufikiri mpaka lini?" aliuliza mmoja.

"Mapipa yameshachanganywa. Ikichanganywa hailali. Ni leo kabla maji hayajajaa, au basi. Kutengeneza nyingine ni kazi ndefu." Hakumtazama Zuwena aliposema, "Kichwa hakitangoja."

Huko nje tope lilisikika likilia pop, pop, kama uji unaoanza kuchemka, vile tope hai linavyolia maji yakilitoka.

Bi Kazija ndiye aliyeanza. Alikuwa na wajukuu tele waliokuwa wamenenepa kwa chaza wa ghuba ile, na alilia huku anasema. "Mwageni. Tuliishi na chenga, tutaishi tena na chenga. Mtoto ni mtoto."

"Mwageni," alisema wa pili.

"Mwageni. Mungu atatupa kingine."

Wakapokezana hivyo, mmoja mmoja, wengine kwa sauti, wengine kwa kichwa tu. Na kila neno lililotoka lilikuwa likimwondolea Mwatima jiwe kifuani. Yeye aliachwa wa mwisho, kwa kuwa ni mama na kwa kuwa shimo la Bi Mize lilikuwa sasa lake. Alikwisha fungua mdomo. Neno lilikwisha fika kwenye meno.

"Iacheni," alisema Zuwena.

Wakageuka wote.

"Iacheni bahari. Mimi nina nini? Mimi mtu mmoja, na kichwa chenyewe kibovu tangu kiwandani." Alitabasamu, tabasamu lililokwenda upande. "Mtaua kaa wote hawa kwa ajili ya bomba? Iacheni. Mimi radhi."

Bi Kazija akapiga magoti, akamshika miguu. "Ewe mtoto! Ewe mtoto wa watu!" Wanawake wakaangua kilio, lakini kilio kile kilikuwa na kitu kingine ndani yake, kama mtu aliyetua mzigo. Mmoja alimkumbatia Mwatima kwa nguvu. "Umezaa, Mwatima. Umezaa mtu. Mwingine yeyote angejililia nafsi yake."

Na Mwatima, Mungu amsamehe, alisikia fahari. Ilikuwa fupi, kiasi cha kuvuta pumzi na kuitoa, lakini aliisikia, ya moto, ikimpanda mpaka masikioni. Wote walikuwa wakimtazama kwa macho ambayo hajawahi kutazamwa nayo. Angesema nini sasa mbele yao? Aseme mwageni, amfanye binti yake mwongo? Aonekane ni mama anayetaka wajukuu wa Kazija wale chenga, na mwenye roho yake amekwisha itoa? Alimtazama Zuwena. Zuwena alikuwa akimtazama yeye, jicho moja kwake, jicho moja chini, na hakulitoa jicho lile.

"Bi Mwatima," alisema Daktari kwa sauti ya chini. "Wewe neno lako?"

"Mmemsikia," alisema Mwatima.

"Nauliza lako wewe."

"Mmemsikia mwenyewe."

Wale waliosema mwageni wakayarudisha maneno yao, mmoja mmoja, harakaharaka. Daktari akatoka nje, akazungumza na chombo kwa simu yake. Alipomaliza aliendelea kuishika sikioni kwa muda, hana anachosikiliza.

Zuwena aliomba arudishwe nyumbani alale.

*

Baada ya hapo nyumba yao haikukauka wageni. Wanawake walileta uji, walileta chaza, walileta kaa wenye mayai, wakavikalia vyombo vyao na kumsifu mgonjwa. Zuwena aliwaitikia. Akishindwa kula aliwaambia watoto wale, na watoto walikula. Wageni wakitoka alifumba macho, na Mwatima alipomwita hakuitika, ingawa hakuwa amelala.

Mwatima alifanya kila lililofanyika. Alimgeuza, alimpaka mafuta, alimkanda shingo pale mpira ulipokuwa, na kila akikanda palikuwa laini zaidi, mpaka siku moja vidole vyake havikukuta kitu. Kichwa kilikuwa kinamwuma mtoto kiasi cha kutokutaka hata kanga ikiguse. Mwatima alikata pazia la mlangoni lisipige kelele na upepo. Alimwomba Makame awafukuze kunguru. Akawa anazungumza naye muda wote, juu ya ghuba, kwa kuwa hakujua azungumze juu ya nini tena.

"Leo wameonekana ndege weupe. Daktari anasema hawajaonekana tangu yeye mtoto. Wewe ndiye uliyewaleta."

Zuwena akageuza uso ukutani.

"Kazija kafukua makumbi yake. Yameiva, usumba kama nywele. Anasema kamba ya kwanza ataiita jina lako."

Asubuhi moja Zuwena alifungua macho akasema, "Nipelekeni pwani."

Walimbeba kwa kitanda cha kamba, Makame na Daktari Hidaya mbele, Mwatima na Bi Kazija nyuma. Jua lilikuwa halijawa kali. Maji yalikuwa yamekupwa, na ghuba yote ilikuwa nyeusi inang'aa, inachezacheza kwa vitu vidogo vilivyokuwa vikitoka na kuingia. Walimweka kando ya shimo la Bi Mize, mahali pakavu. Daktari na wengine wakajitenga kidogo, kama watu wanavyofanya wakiona mama na mwana.

Mwatima alichuchumaa. Kaa mdogo, mwekundu, mkono mmoja mkubwa kuliko mwili wake, alipanda juu ya tendegu la kitanda, akasimama anapunga. Mwatima alimkamata taratibu, akamweka kwenye kiganja cha binti yake, kile kilichochubuka siku ile na sasa kimepona kabisa, hata kovu hakina.

"Mwone. Wote hawa ni wako, mwanangu. Mpaka kule mwisho. Watu watakukumbuka mpaka—"

"Mama."

"Naam."

"Acha."

Mwatima aliacha. Kaa alishuka kiganjani akaenda zake. Zuwena alikuwa akihema kwa shida, na maneno yalimjia moja moja, kama mtu anayeokota vitu gizani.

"Mgeni akikwambia nimeshiba, wewe hufanyaje?"

"Namwambia ale."

"Akisema nimeshiba kweli?"

"Nambembeleza. Namtia mwenyewe kwenye sahani." Mwatima akamwinamia. "Zuwena, mwanangu, ulisema radhi. Ulisema mbele ya watu wote."

"Ningesemaje mbele ya watu wote? Walikuwa wamekwisha niachia bahari yao. Wote, mmoja mmoja. Mtu akipewa vile hawezi kunyoosha mkono akachukua tu. Ilibidi niseme hapana kwanza." Alifumba macho, akafumbua lile moja lililokuwa bado linatii. "Nilisema nikakutazama wewe."

"Nilikuona."

"Nikangoja."

Tope lilikuwa likilia pop, pop, pande zote. Bi Kazija, kule alikosimama, alikuwa akimwonyesha Daktari kitu majini na kucheka kidogo.

"Ungenipigia kelele," alisema Zuwena. "Ungenitukana. Ungesema huyu kichwa chake kibovu, msimsikilize. Ungechukua jembe ukaichimba bahari yote uitupe huko. Nilitaka kuishi, mama. Nilitaka ukatae."